Saruji Kwanza, Pamba Baadaye

Asubuhi ya kwanza Magesa Wanzagi alipomtoa Katibu Apolinary barabarani kukimbia, kijiji kizima kilijua kuna jambo baya. Mwaka ule wa tisini na nne mtu mzima mwenye tumbo na cheo hakuwa anakimbia bure. Akikimbia, ama ameiba, ama ameibiwa, ama wakaguzi wa hesabu wameshuka kwenye basi pale Nyamuswa na wanauliza njia. Wanawake waliokuwa wanapalilia walimwona Katibu wa chama cha msingi cha pamba anakuja mbio, kaptula imembana, jasho linamchuruzika mpaka kwenye soksi, na nyuma yake Magesa na filimbi mdomoni. Mmoja akapiga yowe. Majembe yakainuliwa. Wanaume wawili wakatoka kwenye mashine ya kusaga, weupe kwa unga, wakamkamata Magesa shati na kumwangusha chini.

"Mwacheni!" Katibu alihema, ameshika magoti. "Mwacheni, ni mwalimu wangu."

"Mwalimu wa nini, Bwana Katibu?"

"Wa mazoezi. Namlipa."

"Unamlipa akufukuze?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mmoja akasema kama ni hivyo basi na yeye amfukuze Katibu, tena yeye atafanya bure, miaka mingi anatamani. Apolinary hakucheka. Akafuta uso, akamwambia Magesa kwa sauti ya chini, "Barabarani sasa basi. Tutafutie mahali pa ndani."

Kazi hiyo Magesa hakuitafuta. Miaka kumi na tisa alikuwa mwalimu wa michezo kwenye kiwanda kimoja cha nyavu, Musoma. Kila asubuhi kabla ya zamu aliwatoa wafanyakazi mchakamchaka mpaka ziwani na kurudi. Alifundisha mpira, netiboli na kuvuta kamba. Halafu wakubwa wakakila kile kiwanda. Walianza na magari, wakaja kwenye mashine, wakamalizia na mabati ya bwalo. Kilipobaki mifupa, wakaja wakubwa wengine wenye tai, wakasema hapa watu ni wengi mno, lazima wapunguzwe, ndiyo mageuzi ya uchumi. Wa kwanza kupunguzwa akawa mwalimu wa michezo. Alipewa barua, akabaki na traksuti yake ya buluu na filimbi. Waliokila kiwanda hawakupunguzwa hata tumbo.

Aliyemfungulia njia ni daktari Clementi, waliyefahamiana naye tangu kiwandani. Wakubwa walikuwa wanamjia na sukari, na presha, na miguu iliyovimba. Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni na kugawana unga wa njano sisi wote tulikonda. Wao peke yao ndio waliougua ugonjwa wa kushiba. Daktari akawa anawaambia, "Dawa yenu ninayo, inaitwa Magesa."

Basi Magesa akarudi kuishi kijijini, kwenye nyumba aliyoiacha mke wake, na kutoka hapo alizunguka na baiskeli. Kuna ofisa mstaafu alikuwa anamnyoosha mgongo Butiama. Kuna mama Ursula wa Musoma, muuza mitumba, ambaye siku ya kwanza alimwekea masharti kabla hajavua kanga.

"Mwalimu, mimi magoti tu. Tumbo uliache hapo lilipo."

"Magoti yanabeba tumbo, mama."

"Yabebe. Nikikonda, watasema nimekanyaga waya. Nani atanunua nguo kwa mwenye ule ugonjwa?"

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya ukimwi: ukinenepa unakufa kwa sukari, ukikonda unazikwa kwa maneno kabla hujafa. Magesa akawa anamfundisha mama Ursula kuinua miguu amekaa kwenye kiti.

Vifaa hakuwa navyo. Alikata tyubu za baiskeli kuwa mikanda mirefu, anafunga ncha moja kwenye nondo za dirisha, mteja anavuta nyingine. Kila mwezi aliubadilisha ule mpira. Mteja akilalamika kwamba sasa ndio anauvuta mbali, kwa nini ubadilishwe, Magesa alimjibu, "Si wewe uliyepata nguvu. Mpira ndio umelegea. Ukilegea unavutika zaidi kwa nguvu ileile. Usijidanganye."

Apolinary yeye alikuja kwa amri ya daktari. Kilo mia na kumi na mbili. Clementi alimpima mbele ya Magesa, na kwa utani akampima Magesa naye: sabini, kama alivyokuwa tangu kiwandani. Akamwambia Katibu, "Ushuke kila wiki kidogo kidogo, na upimwe kila wiki. Usiposhuka, miguu hiyo tutaikata."

Kwa hiyo, baada ya aibu ile ya barabarani, Magesa alimwambia, "Jumatatu twende Bunda hospitali ukapimwe."

"Nikapange foleni na watoto wa kliniki? Watu wote waone?" Apolinary akatikisa funguo mfukoni. "Mzani si ninao?"

Wakaenda kwenye godauni la chama. Msimu ulikuwa bado, ndani hamna kitu, ni nyuzi za pamba tu zimeshika kwenye buibui. Katikati, kwenye boriti, ulining'inia mzani mkubwa wa saa, mshale wake mweusi, kulabu yake nene kama kidole gumba. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: KWENYE KULABU HII NI PAMBA TU. KWA AMRI.

Magesa alisimama akiyatazama yale maandishi. Apolinary hakuyatazama hata kidogo. Alishayazoea, aliyaandika mwenyewe.

Wakafunga pembe nne za turubai kwenye kulabu. Apolinary akajiingiza mle, akaketi, miguu inaning'inia, kama mtoto wa kliniki kwenye ile kaptula ya kupimia. Boriti ikalia. Mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukatulia.

"Ngapi, Mwalimu? Sema ngapi!"

"Mia na moja."

"Mia na moja! Siku saba! Kilo kumi na moja kwa siku saba!" Alikuwa anapiga makofi akiwa ndani ya turubai, anayumba huku na huku. "Wewe ni mganga, wewe! Jioni nitakuletea unga debe zima."

"Hongera, Bwana Katibu," Magesa alisema. Ni mdomo uliosema. Kichwa kilikuwa mahali pengine. Miaka kumi na tisa amewakimbiza watu, na anajua mwili hautupi kilo kumi na moja kwa wiki moja, labda uwe unapelekwa kaburini.

Katibu alipotoka nje kuvaa viatu, Magesa akaishika ile kulabu kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia na kugeuza shingo. Sitini na tatu. Akashuka. Akaning'inia tena. Sitini na tatu.

Sabini imekuwa sitini na tatu. Mia na kumi na mbili imekuwa mia na moja. Kila kilo kumi, moja imeliwa na ule mzani. Magesa akakaa chini kwenye sakafu ya godauni, akalitaja jina la mke wake.

Mbuke. Mwaka wa themanini na sita Mbuke alikuwa analima pamba peke yake, ekari mbili, mume yuko Musoma anapuliza filimbi. Alivuna, akabeba, akapima, na kila mwaka alisema kitu kilekile: huu mzani unaniibia, mgongo wangu unajua nilichobeba. Wengine nao walijua, lakini walinung'unikia majumbani. Mbuke hakuwa mtu wa kunung'unikia jikoni. Mwaka ule Magesa alikuwa amepata mgao wa kiwandani, mfuko mmoja wa saruji, kitu kilichokuwa adimu kuliko dhahabu, akauleta nyumbani waje wasakafie chumba. Mfuko umeshonwa kiwandani, umeandikwa kilo hamsini. Mbuke akaufunga kwenye baiskeli, akausukuma mpaka kwenye foleni ya pamba, akasema mbele ya watu wote, "Ndugu Katibu, naomba kwanza upime huu. Ukisema hamsini, na mimi nitanyamaza mpaka nife."

Apolinary alikataa. Alisema vumbi la saruji litachafua pamba ya taifa. Alisema huu ni uchochezi. Mfuko ukashikwa kuwa ushahidi, na jina la Mbuke likakatwa kwa wino mwekundu kwenye daftari la wanachama. Wiki ile maneno yale ya rangi nyekundu yakaandikwa ukutani.

Hayo yote Magesa angeweza kumlaumu Apolinary na waliomweka, na aliwalaumu. Lakini kuna kipande kimoja kilikuwa chake. Alipokuja likizo, amevaa traksuti yake ya kiwanda, Katibu alimwita pembeni na kumwambia yatakwisha mama akiomba msamaha hadharani. Na Magesa akarudi nyumbani akamwambia mke wake, "Mama, omba msamaha yaishe. Mimi ni mfanyakazi wa serikali. Unataka na mimi waniandike?"

Kesho yake Mbuke akapiga magoti mbele ya foleni ya pamba, akasema, "Nimesema uongo. Mnisamehe." Jina halikurudishwa. Tangu hapo akawa anauza pamba yake kwa jina la jirani, Getruda. Miaka mitatu baadaye homa ikamchukua kwa siku nne, kwenye zahanati yenye picha nzuri za chanjo ukutani na kabati tupu. Na hata kwenye msiba Magesa alisikia kwa masikio yake mwanaume mmoja anamwambia mwenzake: alikuwa mama mchapakazi, kasoro ule uongo wake wa mzani.

Ule mfuko wa saruji haukuonekana tena. Ila Apolinary alikuwa na ua uliosakafiwa vizuri, laini, na hapo ndipo alikuwa anataka afanyishwe pushapu.

Jioni ileile Magesa alikwenda kwa Getruda, akamkuta anachambua dagaa. Akamweleza yote. Getruda hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo leo ndio umeona, shemeji."

"Leo nimeona."

"Sisi tunaonaga tangu zamani."

"Basi kesho nakwenda kusema."

"Utasema wapi? Kwa nani? Mbuke alisema. Wewe ulimjibu nini?"

Magesa akatazama dagaa. Hakuna tusi lingemuuma kama lile swali, na Getruda hakuwa ametukana.

"Sikiliza, shemeji," akasema taratibu. "Ukisema peke yako, watakuandika wino mwekundu na wewe. Mzani akiwa nao godauni ni wake. Mpaka siku atakapoutoa mwenyewe mbele za watu. Mtu anayefurahia kilo namna hiyo atautoa tu. Wewe mkondeshe."

Basi Magesa akamkondesha. Wiki kumi na mbili, Jumatatu na Alhamisi, mlango wa godauni umefungwa. Alimrusha kamba. Alimvutisha mpira wa tyubu mpaka mikono ikatetemeka. Alijaza mchanga kwenye gunia akalipima kwenye kulabu, thelathini, akamtwisha mgongoni atembee nalo kutoka mlangoni mpaka ukutani na kurudi.

"Hili ni zito, Mwalimu! Hili si thelathini!"

"Mzani ndio umesema thelathini, Bwana Katibu."

"Mgongo wangu unakataa!"

Magesa aliuma filimbi asije akasema neno. Migongo mingapi ilikataa kwenye godauni lile, na ikaambiwa mgongo hausomi? Akapuliza filimbi kwa nguvu. "Mizunguko kumi zaidi!"

Apolinary alikonda kweli. Alitii, hilo lazima lisemwe. Aliogopa kukatwa miguu. Kola zikawa pana. Suruali akaifunga kwa mkanda wa pili. Na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwanza kisimani, halafu mnadani, halafu mpaka Bunda stendi: Katibu amekanyaga waya. Mmemwona shingo? Mke wake naye mmemwona?

Kwa wakati ule maneno yale yalikuwa kamba ya shingo. Serikali ilikuwa imefungua milango ya pamba, makampuni ya watu binafsi yanaruhusiwa kununua, na kampuni mojawapo ilikuwa inatafuta mtu wa kuisimamia huku. Ndiyo mageuzi yenyewe: walioula ushirika sasa wakawa wanagombania kwenda kuajiriwa na atakayeuzika kaburini. Apolinary alikuwa ameshaahidiwa nafasi. Lakini nani atamwajiri mtu anayesemwa atakufa kabla ya msimu?

Alhamisi moja alimshika Magesa mkono. "Mwalimu, leo asubuhi nimepimwa hospitali, kampuni imetaka cheti, ninacho kwenye koti. Jumamosi mkutano mkuu wa wanachama. Ofisa wa ushirika anakuja, na mtu wa kampuni anakuja. Nitapanda mzani mbele yao. Waone kwamba ni mazoezi, ni kilo zinazohesabika, si ugonjwa. Wewe utanishuhudia."

"Nitashuhudia," Magesa akasema.

Siku hiyohiyo alikwenda Bunda na redio yake ya mbao, aliyokuwa amenunua enzi za kiwanda, akarudi bila redio. Saruji sasa ilikuwa kila duka. Ulichohitaji ni hela tu, na hela ndiyo haikuwepo. Alichagua mfuko ambao mshono wake haujaguswa.

Jumamosi godauni lilijaa mpaka mlangoni. Mbele waliketi ofisa wa ushirika, Bwana Werema, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na yule wa kampuni, kijana wa miwani asiyejua kuketi kwenye benchi. Apolinary alisimama. Alisoma taarifa ndefu, mafanikio na changamoto, halafu akaweka karatasi chini.

"Ndugu wanachama. Kuna maneno yanapita. Mnasema Katibu anaumwa. Nani anasema, ajitokeze!"

Mzee mmoja akakohoa.

"Mimi nilipimwa na daktari, mia na kumi na mbili. Huyu hapa Mwalimu Magesa ni shahidi. Nimefanya mazoezi wiki kumi na mbili. Sasa mtaona kwa macho yenu."

Akavua koti, akajiingiza kwenye turubai. Watu wakanyoosha shingo. Akina mama wakaziba midomo na kanga kwa kicheko, maana miguu yake na soksi ilikuwa inaning'inia vilevile. Bwana Werema akainuka, akasoma mshale kwa sauti ya kiserikali.

"Tisini na mbili."

"Kilo ishirini!" Apolinary alipaza sauti kutoka ndani ya turubai. "Mtu mgonjwa anahesabiwa hivyo? Mwalimu, waeleze!"

Makofi yakapigwa. Magesa akasimama pembeni ya ule mzani. Alikuwa amevaa traksuti ya buluu, imepauka magotini.

"Ni kweli huyu si mgonjwa," akasema. "Amefanya kazi, amekonda kwa jasho lake. Lakini ndugu zangu, kwenye koti la Bwana Katibu kuna cheti cha hospitali, alipimwa juzi kwa ajili ya kampuni. Naomba kisomwe."

Apolinary alikuwa bado anacheka. "Kisomwe! Kisomwe!" Hakuwa amekitazama sana, yeye alitazama pale palipoandikwa kwamba anafaa kwa kazi. Yule kijana wa miwani akakitoa na kukisoma. Kilo mia na mbili.

"Juzi mia na mbili," Magesa akasema. "Leo tisini na mbili. Kwa siku mbili kilo kumi zimekwenda wapi?"

"Mzani wa hospitali ni mbovu," Apolinary akasema, anajaribu kutoka kwenye turubai, mguu umenasa. "Hospitali zetu si mnazijua?"

"Inawezekana. Basi tutafute kitu ambacho hakijapimwa hospitali." Magesa akageuka mlangoni. "Shemeji."

Getruda aliingia anasukuma baiskeli ndani ya godauni, kitu ambacho hakijawahi kufanywa. Kwenye keria pana mzigo umefunikwa kanga. Akaifunua. Waliokumbuka ya themanini na sita walipouona ule mfuko, sauti ilitoka vifuani mwao kwa pamoja, kama ya ng'ombe anaponusa damu.

"Kwenye kulabu hii ni pamba tu!" Apolinary akafoka. Ametoka sasa, nywele zimejaa nyuzi. "Imeandikwa!"

"Hata wewe si pamba, Bwana Katibu," mama mmoja akasema kutoka nyuma, "na umepanda."

Godauni lililipuka kwa kicheko. Yule wa kampuni naye akacheka, akajishika. Bwana Werema alifungua mdomo kukataa, akawatazama watu, akaufunga. Wanaume wawili wakauinua mfuko, wakauweka kwenye turubai. Mshale ukazunguka.

Magesa hakusoma. "Soma wewe, mzee," akamwambia ofisa.

"Arobaini na tano."

"Mfuko umeandikwa ngapi?"

Bwana Werema akainama kama vile herufi ni ndogo. "Hamsini."

Kelele iliyofuata hakuna aliyeielewa, kila mtu anataja mwaka wake, na magunia yake, na mtoto wake aliyeacha shule. Apolinary aliinua mikono yote miwili, na hapo Magesa akaona jinsi mtu huyu alivyodumu kwenye kiti miaka yote. Hakutetereka.

"Ndugu ofisa, andika! Mzani umeharibika. Na nani kauharibu? Huyu hapa! Wiki kumi na mbili amenining'iniza humo, mtu wa kilo mia. Na yeye mwenyewe alining'inia, nilimchungulia! Springi imelegea. Magesa ameharibu mali ya chama!"

Na Bwana Werema, akishukuru kupewa njia ya kutokea, akachomoa kalamu na kuanza kuandika. Kweli aliandika. Magesa aliona mkono unakwenda: mzani, umeharibiwa, na mwalimu wa mazoezi. Ndivyo wanavyofanyaga hawa. Miaka yote ya wizi, na karatasi moja inakuja kuubandika kwa mtu aliyeuonyesha.

Magesa akaingiza mkono mfukoni mwa traksuti akatoa mikanda miwili ya tyubu, mmoja mpya, mmoja wa mwezi uliopita.

"Acha kuandika, mzee. Tazama kwanza. Nani hapa hajawahi kutengeneza manati?" Akaifunga yote miwili kwenye boriti, mmoja kando ya mwingine. Akalifunga jiwe la mlangoni kwenye mkanda mpya. Ukashuka shibiri moja. Akalifungua, akalifunga kwenye ule mkanda mchovu. Ukashuka karibu mbili. "Jiwe ni lilelile. Kilicholegea kinavutika zaidi. Springi ingelegea, mshale ungekimbia mbele, ungesema saruji ni hamsini na tano, na ninyi mngekuwa mnapendelewa. Huu unarudi nyuma. Springi haikulegea. Imekazwa. Na mtu anayekaza springi anahitaji funguo ya godauni."

Kalamu ya Bwana Werema ilisimama. Mzee aliyekuwa anakohoa alisimama na yeye, akaisogelea ile mikanda, akaivuta kwa mkono wake, mmoja, halafu mwingine. "Huyu mura wetu anasema kweli," akasema. "Ni kama manati."

Ofisa akaukunja ule ukurasa. Akasema mzani utachukuliwa kwenda kuchunguzwa, kamati itaundwa, wananchi wawe watulivu. Akasema vijana waupakie kwenye gari.

"Upakie," Getruda akasema, "lakini si kabla ya daftari."

"Daftari gani tena, mama? Halimo kwenye ajenda."

Getruda alikwenda akakaa kizingitini, miguu ameinyoosha. Mama mwingine akaenda akakaa ubavuni kwake, halafu wa tatu, mpaka mlango ukawa ukuta wa kanga. Hawakupiga kelele. Yule kijana wa kampuni akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mlango mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Daftari likaletwa. La mwaka wa themanini na sita, limeliwa pembe na panya. Likafunuliwa, na pale palikuwa na ule mstari mwekundu, bado unang'aa kama umechorwa asubuhi. Kalamu akapewa Apolinary. Alisema mikono inatetemeka kwa mazoezi. Wakamsubiri iache kutetemeka. Akaandika chini ya ule mstari, polepole, watu wanamhesabia herufi: Mbuke Magesa, mwanachama, alisema kweli. Maneno mawili ya mwisho hakutaka kuyaandika. Getruda hakuinuka mpaka alipoyaandika.

Magesa alitazama jina likikauka. Alidhani atafurahi. Lakini alichosikia ni magoti ya Mbuke yakigusa vumbi la nje ya godauni lile, na sauti yake mwenyewe inasema yaishe. Akasimama mbele ya watu, hakuna aliyemwambia.

"Yule mama alipiga magoti kwa sababu mimi nilimwambia," akasema. "Hilo nalo liandikwe."

Hakuna aliyeliandika. Getruda akashika usukani wa baiskeli yake.

Mzani ulipakiwa kwenye gari na haujarudi mpaka leo. Kamati haikukaa. Na Apolinary, msimu ulipofunguliwa, alikuwa ameketi chini ya turubai jipya la kampuni, na mzani mpya unaong'aa, mwenyewe mwembamba, afya njema. Wakubwa hawaanguki, wanahamishwa. Aliwahi hata kumtumia Magesa ujumbe, kwamba yaliyopita yamepita, waendelee na mazoezi. Magesa alimrudishia lile debe la unga, tupu.

Lakini siku ya kwanza ya kununua, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Getruda, na mzigo wake wa kwanza haukuwa pamba. Aliushusha ule mfuko, akaupandisha kwenye kulabu mpya bila kuomba ruhusa, na foleni nzima ikanyamaza kusikiliza mshale.

"Hamsini," Apolinary akasoma.

"Sema kwa nguvu, wa nyuma hawajasikia."

"Hamsini!"

"Haya," Getruda akasema. "Sasa pima pamba."

Mpaka sasa wanafanya hivyo, kila asubuhi ya msimu. Ule mfuko umeshagandia ndani, umekuwa jiwe, karatasi imechanika na kushonewa gunia. Unakaa nyumbani kwa Magesa, kwenye chumba ambacho hakijasakafiwa.